Miles Coverdale, Mfasiri Aliyesikiliza Lugha za Nyumbani

Ndugu wasomaji, walio wengi katika ninyi mnaijua kazi ya kufasiri. Mgeni asimamapo mimbarani na kuhubiri kwa lugha yake, mwalimu wa usharika husimama kando yake ili ayageuze maneno yale yafike mioyoni mwa watu. Na kila aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua ya kuwa maneno makubwa ya vitabuni hayana shida sana. Yamshindayo mfasiri ni maneno madogo ya nyumbani, yale ambayo kila mtu huyasema kila siku pasipo kuyafikiri.

Tutwae mfano. Mjerumani akitaka kusema ya kuwa fulani ni mwizi, husema kwamba anafanya vidole virefu. Mwingereza kwa jambo lilo hilo husema kwamba fulani ana vidole vyepesi. Nasi kwa Kiswahili twasema ana mkono mrefu. Tena Mjerumani husema juu ya mtu mkali wa maneno kwamba ana nywele juu ya meno yake. Mtu akiyachukua maneno hayo jinsi yalivyo na kuwapelekea Waingereza, watadhani anawasimulia habari za ugonjwa wa ajabu, kwa maana wao husema tu kwamba mtu wa namna hiyo ana ulimi mkali. Maneno yamefika, lakini maana yake imepotea njiani.

Leo tunataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeishi katikati ya lugha hizo mbili, Kijerumani na Kiingereza, zaidi ya miaka mia nne na hamsini iliyopita. Jina lake ni Miles Coverdale. Yeye ndiye aliyewapa Waingereza Biblia nzima ya kwanza iliyopigwa chapa kwa lugha yao, na sehemu kubwa ya Biblia hiyo aliitoa katika Kijerumani. Maisha yake yatatuonyesha kazi ya kufasiri inataka nini kwa mtu, na pia inaweza kumgharimu nini.

Coverdale alizaliwa karibu na mwaka 1488, upande wa kaskazini wa Uingereza, katika jimbo la Yorkshire. Alipokuwa kijana aliingia katika nyumba ya watawa wa Augustino mjini Cambridge, na mwaka 1514 akabarikiwa kuwa kasisi. Watawa hao walikuwa wa shirika lile lile alilokuwamo Martin Luther kule Wittenberg. Kwa hiyo si ajabu kwamba vitabu vya Luther, vilivyoanza kuvuka bahari kwa siri baada ya mwaka 1517, viliwafikia mapema. Mkubwa wa nyumba ile alikuwa Robert Barnes, mtu mwenye elimu na maneno ya moto, naye Coverdale alimpenda kama baba.

Mwaka 1526 Barnes alishtakiwa kwa sababu ya mahubiri yake, akapelekwa London kuhukumiwa. Wengi wa rafiki zake walijitenga naye, kama ilivyo desturi ya wanadamu siku ya hatari. Coverdale hakujitenga. Alimfuata London na kumsaidia kuandika majibu ya mashtaka yake. Barnes hakuuawa wakati ule, ila alifungwa, kisha akatoroka na kwenda Wittenberg, akawa rafiki wa Luther mwenyewe.

Yafaa msomaji ajue sheria ya Uingereza ilikuwaje siku zile. Tangu mwanzo wa karne ya 15 ilikuwa imekatazwa mtu kuyafasiri Maandiko kwa Kiingereza pasipo ruhusa ya maaskofu. Wakulima, wafumaji wa nguo na wanawake wa nyumbani waliyasikia Maandiko kanisani kwa Kilatini, nao hawakukijua. Walioonekana na kurasa za Maandiko kwa Kiingereza waliweza kufungwa, hata kuchomwa moto. Coverdale aliuacha utawa karibu na mwaka 1528, akahubiri kidogo katika vijiji vya Essex. Alipoona ya kuwa anatafutwa, alivuka bahari akaenda ng'ambo.

Miaka yake ya kwanza ya ugeni haijulikani yote, lakini matunda yake yanajulikana. Alijifunza Kijerumani akakijua sana. Na kwa kujifunza Kijerumani alijifunza pia jinsi Luther alivyofasiri.

Luther alikuwa ametoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, na Biblia nzima mwaka 1534. Mwaka 1530 aliandika barua ya wazi akieleza namna ya kazi yake, kwa sababu wapinzani walimshtaki kwamba ameyaharibu Maandiko. Katika barua ile alieleza kwamba mfasiri asiulize herufi za Kilatini jinsi ya kusema Kijerumani. Na amwulize mama nyumbani mwake, na watoto njiani, na mtu wa kawaida sokoni, akitazama vinywa vyao wanavyosema, kisha afasiri vivyo hivyo. Alitoa mfano wa neno la Bwana Yesu juu ya mambo yaujazayo moyo. Kwa Kilatini imeandikwa habari za wingi wa moyo; lakini Luther alisema hakuna Mjerumani anenaye hivyo. Mama wa nyumbani husema kwamba moyo ukijaa, kinywa hufurika. Basi akaandika kama mama yule.

Alitoa mfano mwingine juu ya salamu ya malaika kwa Mariamu, aliyeambiwa kwa Kilatini kwamba amejaa neema. Luther alisema Mjerumani akisikia habari ya kujaa atawaza pipa lililojaa pombe, au mfuko uliojaa fedha. Kwa hiyo alitafuta neno jingine la Kijerumani, la upole na la kupendeza. Pia husimuliwa ya kuwa alipofika penye sheria za sadaka alimwendea mchinjaji wa nyama, akachinjiwa kondoo ili ajue watu wanakiitaje kila kiungo cha ndani. Ndivyo mtu mwenye elimu kubwa alivyokubali kuwa mwanafunzi wa mchinjaji.

Hii ndiyo shule aliyoingia Coverdale. Mwaka 1535 alikuwako Antwerpen, mji wa wafanya biashara, ambako mtu mmoja wa biashara aitwaye Jacob van Meteren alikubali kutoa gharama ili Biblia nzima ya Kiingereza ipigwe chapa. Mwingereza mwingine, William Tyndale, alikuwa amekwisha kufasiri Agano Jipya kutoka Kiyunani, na vitabu vitano vya Musa kutoka Kiebrania. Lakini mwezi wa Mei mwaka ule ule Tyndale alisalitiwa na kukamatwa katika mji uo huo, na mwezi wa Oktoba 1536 aliuawa huko Vilvoorde. Zaburi, Mithali na manabii karibu wote walikuwa hawajapatikana kwa Kiingereza chake kwa chapa. Nani aimalize kazi?

Coverdale hakuwa mtaalamu wa Kiebrania wala wa Kiyunani kama Tyndale, naye alilijua jambo hilo kuliko mtu awaye yote. Katika dibaji ya Biblia yake alieleza ya kuwa hakuitafuta kazi hiyo, bali aliombwa na wengine, akaona uchungu kwamba mataifa mengine wana Maandiko kwa lugha yao na Waingereza hawana. Akaeleza tena kwamba amefuata wafasiri watano. Wenye elimu wamewatambua: Biblia ya Kilatini ya zamani, Biblia mpya ya Kilatini ya mtawa Pagninus, ya mwaka 1528, Biblia ya Kijerumani ya Luther, Biblia ya Kijerumani ya mji wa Zürich, na kazi ya Tyndale mwenyewe. Katika hao watano wawili ni Wajerumani, na hasa katika Agano la Kale Biblia ya Zürich ndiyo iliyoushika mkono wake.

Biblia ilimalizika kupigwa chapa tarehe 4 Oktoba 1535. Ukurasa wake wa kwanza ulipambwa kwa picha za fundi Hans Holbein, na juu yake palielezwa wazi kwamba kitabu kimefasiriwa kutoka Kijerumani na Kilatini. Neno alilotumia kwa Kijerumani ni Douche, nalo lina jamaa katika Kiswahili chetu, maana wazee wetu waliwaita Wajerumani Wadachi. Jambo hili dogo latuonyesha moyo wa mtu. Wengine wangeficha kwamba wamechota maji mtungini mwa mwingine. Yeye aliuonyesha mtungi. Hata wapiga chapa wa Uingereza waliotengeneza ukurasa mpya wa mbele waliyaondoa maneno yale juu ya Kijerumani na Kilatini. Twaweza kufahamu sababu: siku zile kutaja Kijerumani kulikuwa karibu sawa na kumtaja Luther, naye Mfalme Henry wa 8 hakumpenda Luther.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Kijerumani kina desturi ya kuunganisha maneno mawili au matatu kuwa moja. Mahali pengine Coverdale aliyachukua maneno hayo na kuyageuza kipande kwa kipande. Kwa jambo lisiloweza kusemwa Mjerumani ana neno unaussprechlich, naye Coverdale akatengeneza neno la Kiingereza unoutspeakable, kila kipande kikisimama mahali pa kipande cha Kijerumani. Waingereza hawakulikubali. Lilikuwa kama viatu vilivyopimwa kwa mguu wa mtu mwingine, na leo hulikuti ila katika kamusi kubwa.

Lakini mahali pengine alifaulu ajabu. Katika zaburi ya 51 Luther alitumia neno la Kijerumani lililounganisha damu na hatia. Coverdale akaandika bloodguiltiness, neno lililoungwa vivyo hivyo, na masikio ya Waingereza yakalipokea, hata likaingia katika Biblia zilizofuata. Tena kwa neno la Kiebrania lielezalo fadhili za Mungu zisizokoma, aliunga maneno mawili ya Kiingereza ya nyumbani, pendo na wema, akapata lovingkindness. Neno hilo hakulipokea kwa Wajerumani, ila njia ya kuunga aliizoea kwao. Waingereza wamelitumia katika sala zao kwa karne nyingi, na wengi hawajui ya kuwa palikuwa na mtu aliyelitunga.

Alipenda pia maneno ya mtu wa kawaida. Katika zaburi ya 91 panaponenwa vitisho vya usiku, alitumia bugs, neno ambalo siku zile lilikuwa na maana ya mazimwi yanayowatisha watu gizani. Kila mama wa Kiingereza alilijua. Baadaye maana ya neno iligeuka, ikawa wadudu na kunguni, na watu wakaicheka Biblia ile. Vivyo hivyo katika Yeremia, penye zeri ya Gileadi, aliandika treacle. Wakati ule lilikuwa jina la dawa iliyouzwa na wauza dawa, lakini sasa ni jina la shira nyeusi ya sukari. Tusimcheke upesi. Neno la sokoni hufika moyoni kuliko neno la kitabuni, lakini pia huzeeka upesi. Ndiyo sababu kazi ya kufasiri haimaliziki, na kila kizazi hulazimika kuitazama tena.

Palikuwa na neno moja lililokuwa zito kuliko yote, nalo ni neno la toba. Wajerumani walisema Buße, na neno hilo katika maisha ya kila siku lilikuwa na maana ya kutubu, na pia ya malipo atoayo mkosaji. Waingereza walikuwa na maneno mawili: penance, lililokumbusha adhabu zilizoamriwa na kasisi, na repentance, lililoelekea kugeuka kwa moyo. Tyndale alishika la pili, na kwa ajili hiyo Thomas More alimshambulia kwa vitabu vikubwa. Coverdale alifanya namna nyingine. Aliyatumia yote mawili, mahali hapa hili na mahali pale lile, akaeleza katika dibaji kwamba maana yake ni moja, yaani kuugeukia mwenendo mpya. Alifundisha ya kuwa tafsiri nyingi si ugomvi. Ni kama wapiga upinde wengi wanaolenga shabaha moja, kila mtu akijitahidi kuikaribia, na anayekosa kidogo humsaidia mwenziwe kuona ilipo. Katika siku ambazo watu waliuana kwa neno moja, hilo lilikuwa fundisho la upole mwingi.

Karibu na wakati uo huo alitoa pia kitabu cha nyimbo, kwa kuwa alitamani wachukuzi wa mizigo, wakulima penye jembe na wanawake penye kazi za kusokota wawe na nyimbo za Mungu. Zilikuwa nyimbo 41, na nyingi zilitoka kwa Wajerumani. Miongoni mwake ulikuwamo wimbo wa Luther juu ya Mungu aliye ngome, ule tuuimbao hata sisi katika sharika zetu kwa Kiswahili. Lakini kitabu hiki hakikupata watu. Mwaka 1546 kilikuwa miongoni mwa vitabu vyake vilivyopigwa marufuku na kuchomwa moto, na leo nakala moja tu ya kitabu kizima imebaki, huko Oxford katika chuo cha Queen's. Moto si sababu peke yake. Coverdale alivishika mno vipimo na mwendo wa Kijerumani, na Kiingereza chake kikatembea kwa kuchechemea. Waingereza walipata kuufahamu wimbo ule wa Luther kwa maneno yenye nguvu baada ya miaka mia tatu, wakati Thomas Carlyle alipoutoa upya mwaka 1831.

Hapo ndipo tunapoona tofauti. Alipoyatazama maneno ya Kijerumani tu, kazi yake ilikufa. Alipotazama kinywa cha Mwingereza, kama Luther alivyokitazama kinywa cha Mjerumani, kazi yake iliishi.

Mambo ya Uingereza yaligeuka kwa muda. Waziri wa mfalme, Thomas Cromwell, alitaka kila kanisa liwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, naye akampa Coverdale kazi ya kuisimamia. Mwaka 1538 Coverdale alikwenda Paris pamoja na mpiga chapa Richard Grafton, kwa sababu karatasi na mitambo ya huko ilikuwa bora. Mwezi wa Desemba wakuu wa mahakama ya dini wakaivamia kazi, na Waingereza wakakimbia. Kurasa nyingi zilichomwa. Lakini inasimuliwa kwamba ofisa mmoja, kwa tamaa ya fedha, aliuza mapipa manne ya kurasa zilizopigwa kwa mwuza kofia, azitumie kama karatasi za kutilia bidhaa zake, na Waingereza wakazinunua tena. Mitambo na mafundi walihamishiwa London, na mwezi wa Aprili 1539 Biblia Kuu ikamalizika.

Amani haikudumu. Mwezi wa Julai 1540 Cromwell alikatwa kichwa, na siku mbili baadaye Robert Barnes, mwalimu wa ujana wake Coverdale, alichomwa moto. Luther alipopata maneno ya mwisho ya Barnes, aliyatoa kwa Kijerumani na kuyaandikia dibaji. Basi safari hii neno lilivuka kwa njia ya kurudi, kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, likiwa limelipiwa kwa damu. Coverdale akakimbia mara ya pili, pamoja na mkewe Elizabeth.

Mwaka 1543 alipata kazi katika mji mdogo wa Bergzabern, magharibi ya Ujerumani, akawa mchungaji tena mwalimu mkuu wa shule. Wafikirini, ndugu walimu. Mtu aliyekwisha kuitoa Biblia nzima alikaa sasa darasani akiwafundisha watoto Kilatini, na siku ya Jumapili aliwahubiri wakulima wa Kijerumani kwa Kijerumani, yeye aliye mgeni. Ile lugha aliyoichota vitabuni ikawa lugha ya mlango kwa mlango, ya wagonjwa na ya wafiwa. Wakati uo huo aliendelea kuvigeuza vitabu vya Wajerumani viwe Kiingereza. Kimoja ni kitabu cha faraja cha Otto Werdmüller, mchungaji wa Zürich, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1550. Edward Seymour, mtawala wa Somerset, alikisoma alipokuwa katika taabu kubwa, akafarijika, akakiandikia dibaji kwa mkono wake.

Mfalme Henry alikufa mwaka 1547, na mwaka uliofuata Coverdale alirudi kwao baada ya miaka minane. Alihubiri katika maziko ya Malkia Catherine Parr, na mwaka 1551 akawa askofu wa Exeter.

Lakini kabla ya hapo lilitukia jambo ambalo hatupaswi kulificha. Mwaka 1549 serikali iliamuru ibada zote zifanywe kwa Kiingereza kwa kitabu kipya cha sala. Watu wa Cornwall na Devon waliasi. Wengi wa Cornwall walisema lugha yao kama lugha ya mama, na miongoni mwao walikuwako wasiojua Kiingereza kabisa. Kwao kitabu kile kilikuwa kigeni kama Kilatini. Jeshi lilipelekwa, maelfu wakauawa, naye Coverdale alikwenda pamoja na jeshi kama mhubiri. Mtu aliyehatirisha maisha yake ili Waingereza wasikie kwa lugha yao, hapo alisimama upande wa wale waliowalazimisha wengine lugha isiyo yao. Biblia haikufasiriwa kwa lugha ya Cornwall siku zile, na mwishoni mwa karne ya 18 lugha hiyo ilikuwa imenyamaza vinywani mwa watu. Twaandika haya pasipo kuhukumu, lakini na yakumbukwe na kila mtu apendaye lugha yake mwenyewe kiasi cha kusahau kwamba jirani naye ana mama.

Mwaka 1553 Malkia Mary alitawala, akaurudisha utaratibu wa zamani. Coverdale aliondolewa katika uaskofu, akawekwa kizuizini. Wenzake wengi walichomwa moto. Yeye aliokoka kwa sababu dada wa mkewe alikuwa ameolewa na mwalimu mmoja wa Kiskoti aliyeheshimiwa huko Denmark, naye Mfalme Christian wa 3 wa Denmark alimwandikia Malkia Mary zaidi ya mara moja akimwombea. Mwaka 1555 aliruhusiwa kuondoka, akiwa na umri uliokaribia miaka sabini. Akapita Denmark, akapita Wesel, akarudi tena Bergzabern kwa watu wake wa zamani, kisha akafika Geneva, ambako wakimbizi wa Kiingereza walikuwa wakiitengeneza Biblia nyingine mpya.

Mwaka 1559 alirudi London mara ya mwisho. Alishiriki katika kumbariki Matthew Parker kuwa askofu mkuu, akiwa amevaa joho nyeusi la kawaida hali wengine wamevaa mavazi ya heshima. Hakuurudia uaskofu. Tangu mwaka 1564 alikuwa mchungaji wa kanisa la St. Magnus karibu na daraja la London, nako aliacha kazi mwaka 1566 kwa ajili ya shauri la mavazi ya ibada. Alikufa maskini mwanzoni mwa mwaka 1569, akiwa na miaka themanini hivi.

Amebakiza nini? Biblia Kuu ilifuatwa na nyingine, hata ile ya mwaka 1611 iliyojulikana kuliko zote. Lakini zaburi za Coverdale, kama alivyozitengeneza katika Biblia Kuu, ziliingia katika Kitabu cha Sala cha Waanglikana. Kitabu hicho kilipotengenezwa upya mwaka 1662 na masomo mengine kutwaliwa katika Biblia ya 1611, zaburi hazikubadilishwa, kwa kuwa watu walikwisha kuzishika midomoni na zilikuwa laini kwa kuimbwa. Watoto walizisikia, wazee walizikumbuka kitandani pa mauti, na watu wasiojua kusoma walizisema pasipo kitabu. Wenye elimu wanaweza kuonyesha mistari ambayo Kiebrania husema vingine, na wanasema kweli. Hata hivyo zaburi hizo zingali zikiimbwa katika makanisa ya Kiingereza mpaka leo.

Basi, ndugu, tumtazame mtu huyu tupate mafundisho mawili. La kwanza ni kwa wale wanaojiona hawana elimu ya kutosha. Coverdale hakuwa wa kwanza kwa elimu, naye hakujifanya kuwa wa kwanza. Alitumia alichokuwa nacho, yaani Kijerumani kizuri, Kilatini na sikio jema, akasema wazi ametoa wapi, na akawaachia watakaokuja baadaye kusahihisha. Mwalimu asiyejua lugha za asili za Maandiko asikate tamaa, wala asijifanye anazijua.

La pili ni kwa sisi sote tugeuzao maneno, ya Kijerumani, ya Kiingereza au ya Kiswahili, tukiwapelekea watu wa nyumbani kwetu. Lile neno lililoungwa kipande kwa kipande limelala katika kamusi. Zile zaburi zinaimbwa. Kabla hatujasimama mbele ya watu, twende kwanza penye meko na penye kisima, tusikilize akina mama wanavyosema, kisha tufasiri.